Nyaatha wa Gikondi: Utiifu na Ushuhuda katika Maisha ya Sista Irene Stefani

Katika mji wa Kerugoya, penye kanisa kuu la dayosisi ya Kirinyaga ya Waanglikana, jina linalotangulia kila panapozungumzwa habari za Mkristo aliyeitii imani yake bila kuhesabu gharama ni la David Gitari. Mzaliwa huyo wa Ngiriambu, mwana wa wainjilisti, alifanywa askofu mwaka 1975, akahubiri waziwazi dhidi ya upigaji kura wa mlolongo katika miaka ya 1980, na mnamo Aprili 1989 nyumba yake ikavamiwa usiku na watu waliokusudia kumdhuru. Utiifu wa Gitari ulikuwa utiifu wa kukataa: kumtii Mungu kulimaanisha, mara nyingi, kutomtii mtawala. Ni utiifu unaosimulika kwa urahisi, kwa kuwa una mapambano, una mpinzani na una mimbari. Upo utiifu wa aina nyingine, mgumu zaidi kusimulia kwa sababu mimbari hauna. Mfano wake mkubwa katika nchi za Mlima Kenya ni wa mwanamke aliyefariki miaka saba kabla ya Gitari kuzaliwa, ng'ambo ya Mto Sagana, katika vilima vya Gikondi. Huyu ni Sista Irene Stefani, ambaye Wagikuyu walimwita Nyaatha.

Wakatoliki wa Kerugoya ni warithi wake kwa njia ya moja kwa moja. Jimbo lao la Murang'a lilimegwa kutoka Nyeri mwaka 1983, na Nyeri ndiko Wamisionari wa Consolata walikoweka makao yao makuu tangu miaka ya mwanzo ya karne ya ishirini. Mtu akitoka Kerugoya akashika njia ya Karatina, kisha akaelekea Mukurwe-ini, hufika Gikondi bila ya safari ndefu. Jina la Nyaatha linafahamika katika eneo hilo lote, hata nje ya Kanisa Katoliki. Maisha yake yenyewe hayafahamiki kwa kiwango hicho. Yanayosimuliwa zaidi ni kifo na muujiza, na yaliyo katikati hurukwa. Makala haya yanakusudia kukaa na hayo ya katikati, hususan miaka ya Vita Vikuu vya Kwanza, ambayo inamhusu pia kila mtu anayeisoma historia ya Kiswahili.

Alizaliwa tarehe 22 Agosti 1891 katika kijiji cha Anfo, kando ya ziwa dogo la Idro, mkoani Brescia, kaskazini mwa Italia. Wazazi wake, Giovanni Stefani na Annunziata Massari, walimpa majina ya Aurelia Mercede. Familia ilikuwa kubwa, na mama alifariki Aurelia angali msichana, hivyo mzigo wa kuwatunza wadogo zake ukamwangukia yeye. Kijijini alifundisha watoto katekisimu na kuwatembelea wagonjwa. Hayo si mambo ya ajabu. Wasichana wengi wa vijiji vya Italia ya wakati huo walifanya vivyo hivyo. La kuzingatia ni kwamba kazi mbili alizozifanya akiwa na umri wa miaka kumi na mitano, yaani kufundisha imani na kukaa kando ya kitanda cha mgonjwa, ndizo hizo hizo alizozifanya hadi mwisho. Wala hakuwahi kuzitenganisha.

Mwaka 1911 alijiunga na shirika la watawa lililokuwa changa kabisa. Padre Giuseppe Allamano, mlezi wa hekalu la Mama Maria Consolata mjini Torino, alikuwa ameanzisha shirika la wamisionari wanaume mwaka 1901, na lile la wanawake tarehe 29 Januari 1910. Allamano mwenyewe hakuwahi kukanyaga Afrika. Aliongoza kwa barua, kwa mafunzo na kwa kuwachagua watu, na alisisitiza kwamba mmisionari sharti awe mtakatifu kwanza kabla ya kuwa mmisionari. Papa Fransisko alimtangaza mtakatifu Oktoba 2024. Aurelia alipovishwa nguo ya utawa mwaka 1912 alipewa jina la Irene, ambalo asili yake ni neno la Kigiriki lenye maana ya amani. Mwanzoni mwa 1914 aliweka nadhiri za ufukara, useja na utiifu, na mwishoni mwa mwaka huo huo akapanda meli. Hakurudi Italia tena.

Inafaa kutua kidogo juu ya nadhiri hiyo ya tatu. Katika lugha ya kila siku utiifu una sura ya unyonge. Mtiifu ni mtoto, mtumishi, au raia asiyeuliza. Kwa mtawa, nadhiri ya utiifu ilimaanisha kwamba hakuchagua mahali pa kuishi, wala kazi ya kufanya, wala watu wa kuishi nao. Angeweza kupelekwa jikoni au shambani maisha yake yote. Katika maisha ya Irene hakuna hata kituo kimoja kikubwa alichojichagulia mwenyewe. Alitumwa Nyeri, akatumwa Voi, akatumwa Kilwa, akatumwa Lindi, akatumwa Dar es Salaam, kisha akatumwa Gikondi. Lililokuwa mikononi mwake ni namna ya kuwapo katika kila mahali alipotumwa, na hapo ndipo tunapomwona mtu mwenyewe.

Alifika Mombasa mwanzoni mwa mwaka 1915, wakati nchi ilikuwa bado ikiitwa Himaya ya Afrika Mashariki ya Waingereza, na vita vilikuwa vimekwisha kuanza. Wamisionari wa kwanza wa Consolata walikuwa wamefika Tuthu mwaka 1902, wakapokewa na Karuri wa Gakure, na katika muda wa miaka michache wakaeneza vituo katika nchi ya Wagikuyu hadi miguuni mwa mlima. Masista wa shirika la Irene walianza kufika mwaka 1913. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kujifunza Kigikuyu, na hakukaa nacho muda mrefu kabla ya kulazimika kujifunza lugha nyingine. Lugha hiyo ilikuwa Kiswahili.

Jeshi la Waingereza lililopambana na Lettow-Vorbeck katika Afrika Mashariki ya Wajerumani halikuwa na barabara wala reli za kutosha, na mbung'o waliwaua farasi na nyumbu. Ikabidi kila kitu kibebwe kwa vichwa na mabega ya watu: risasi, unga, mahema, mizinga iliyofunguliwa vipandevipande. Kikosi cha wapagazi kilichoundwa kwa ajili hiyo kiliitwa kwa Kiingereza jina ambalo midomo ya Waswahili ililigeuza kuwa Kariakoo, na jina hilo limebaki katika soko na mtaa maarufu wa Dar es Salaam, kama lilivyobaki Kariokor, mtaa wa Nairobi. Sheria ya mwaka 1915 iliwaruhusu watawala kuwachukua wanaume kwa nguvu, na mwaka 1917 msako ukawa mkali kupita kiasi katika wilaya zote, zikiwamo zile za Mlima Kenya. Wapagazi waliofia kazini kutoka Kenya peke yake walizidi 40,000. Wachache tu kati yao waliuawa na risasi. Wengi waliuawa na kuhara damu, malaria, nimonia, na chakula ambacho matumbo yao hayakukizoea na ambacho mara nyingi hakikuiva. Haya ni maafa makubwa kuliko mengi yaliyoandikiwa tenzi katika lugha yetu, na bado fasihi ya Kiswahili haijayapa haki yake.

Masista wa Consolata walipelekwa kuhudumu katika hospitali za wapagazi hao. Irene alianzia Voi, kando ya reli ya Mombasa, na baada ya Waingereza kuiteka pwani ya kusini mwaka 1916 alihamishiwa Kilwa Kivinje, kisha Lindi na Dar es Salaam. Jina la hospitali lisimpotoshe msomaji. Yalikuwa mabanda marefu ya makuti na nguzo, na wagonjwa walilala chini au juu ya vitanda vya kamba, wakiwa wamesongamana kwa mamia. Harufu ya kuhara damu na ya vidonda vilivyooza ilizidi nguvu ya dawa iliyokuwapo. Baada ya mapigano ya Mahiwa ya Oktoba 1917, karibu na Lindi, ambayo yalikuwa miongoni mwa mapigano ya umwagaji damu mkubwa kabisa katika vita vile, majeruhi walimiminika kuliko nafasi iliyokuwapo. Kilwa Kivinje nayo ilikuwa na historia yake chungu. Katika karne ya kumi na tisa ilikuwa bandari kuu ya misafara ya watumwa kutoka nchi za ziwa Nyasa. Sasa watu waliotolewa makwao bila hiari walikuwa wakifa tena katika ufuo ule ule, ingawa bendera na sababu zilikuwa nyingine.

Katika mabanda hayo walilala pamoja Wagikuyu, Wakamba, Wajaluo, Wanyamwezi, Waganda na watu wa makabila mengine mengi. Hapakuwa na lugha iliyowaunganisha ila Kiswahili, na wengi wao walikuwa wamekiokota njiani, kambini, chini ya mizigo. Irene naye alikiokota humo humo. Kiswahili chake, kwa hiyo, hakikutoka katika sarufi za wamisionari wa Zanzibar wala katika majlisi ya washairi wa Lamu. Kilikuwa Kiswahili cha maji, uji, maumivu, jina lako nani, unatoka wapi. Wanahistoria wa lugha wanapoeleza kuenea kwa Kiswahili bara hutaja misafara ya biashara, shule za Wajerumani na majeshi. Mara chache hutaja wodi za wagonjwa. Ilhali maelfu ya wanaume wa bara walikitumia Kiswahili humo kama lugha yao ya mwisho, wakimwambia mgeni asiyeelewa lugha ya mama yao majina ya watu waliowaacha nyumbani.

Alivyohudumu kunaelezwa kwa namna moja na wote walioacha ushahidi juu yake. Aliosha vidonda ambavyo wengine walivikwepa. Alibeba ndoo za uchafu. Alirudi kwa mgonjwa yule yule mara nyingi kwa siku. Alifundisha mambo machache ya imani kwa wale waliotaka kusikia, na kuwabatiza walioomba katika saa yao ya mwisho. Hesabu ya waliobatizwa na mkono wake katika miaka hiyo hutajwa kuwa maelfu. Kisa kimoja husimuliwa mara kwa mara. Mgonjwa mmoja aliyekuwa akifundishwa naye alidhaniwa amekufa, akachukuliwa pamoja na maiti hadi ufuoni. Irene alipokuta kitanda ni kitupu aliteremka pwani, akatafuta katika rundo la maiti, akamkuta mtu huyo angali anapumua, akamrudisha bandani. Hata mtu akikichukulia kisa hiki kwa tahadhari, kama inavyopasa kwa visa vyote vya watakatifu, kinaonyesha jambo ambalo watu wa wakati wake waliliona kwake. Katika kikosi ambamo mpagazi alikuwa namba iliyoning'inizwa shingoni, yeye alihesabu mmoja mmoja.

Msomaji wa leo ana haki ya kuuliza maswali magumu hapa. Je, ubatizo wa mtu anayekata roho, katika lugha anayoielewa nusu, ni uamuzi wake kweli? Je, masista hawa hawakuwa sehemu ya mashine ile ile iliyowakusanya wapagazi kwa kamba na kuwatupa ufuoni? Swali la kwanza halina jibu jepesi. Linaloweza kusemwa ni kwamba Irene hakuanza na maji ya ubatizo. Alianza na maji ya kunywa, na wengi aliowauguza hawakubatizwa naye hawakunyimwa huduma kwa sababu hiyo. Wapo Waislamu na waliofuata dini za jadi. Kuhusu swali la pili, ni kweli kwamba hakuna hotuba yake dhidi ya sheria ya wapagazi, wala barua ya hadharani kwa gavana. Hapo utiifu wake unatofautiana sana na ule wa Gitari, na mtu anaweza kuona pengo. Hata hivyo, kumdai mwanamke wa miaka ishirini na mitano, mgeni, asiye na cheo chochote, katika banda la Kilwa la mwaka 1917, afanye kazi ya askofu wa mwaka 1987 ni kudai kwingi. Yeye alipinga kwa njia iliyokuwa karibu naye. Mtu aliyetupwa alimwokota.

Vita viliisha Novemba 1918, na Irene akarudi Nyeri mwaka uliofuata. Mwaka 1920, mwaka ule ule ambao himaya iligeuzwa kuwa Koloni la Kenya, alitumwa Gikondi. Huko alikaa miaka kumi, iliyokuwa miaka yote aliyobakiza duniani.

Gikondi ni nchi ya vilima vilivyosimama wima na mabonde membamba yenye mito. Kutoka mgongo mmoja hadi mwingine huonekana karibu kwa macho, lakini miguu hujua vingine. Irene alifundisha shuleni asubuhi, na baada ya hapo akashika njia za vilimani kuzuru nyumba. Mbio zake katika njia hizo zikawa gumzo. Alivaa viatu vikubwa vizito, vilivyochakaa, na watu walimtambua kwa mbali kwa mwendo wake. Alikwenda kwa aliyejifungua, kwa mtoto mwenye homa, kwa mzee aliyeachwa peke yake, kwa mwanafunzi aliyekoma kuja shuleni. Akifika, alikaa. Hakuwa akingoja watu waje misheni, na hilo lilikuwa jambo la kutazamwa, kwa kuwa mgeni mweupe wa wakati ule aliyefika mlangoni mwa Mgikuyu kwa kawaida alifuata kodi au vibarua.

Ili kuelewa ni kwa nini hasa watu walishangazwa naye, ni lazima kukumbuka desturi ya kale ya Wagikuyu kuhusu kifo. Maiti ilileta unajisi mzito. Mtu kufia ndani ya nyumba lilikuwa jambo la kuogofya, na kwa hiyo mgonjwa asiyetarajiwa kupona mara nyingi alitolewa nje, akawashiwa moto, akaachwa huko. Wazee wenye mali na wana ndio waliozikwa. Wengine wengi waliachiwa fisi. Desturi hii haikutokana na ukatili. Ilikuwa na mantiki yake katika imani ya jamii, na wakati wa maradhi ya kuambukiza iliwakinga waliobaki. Lakini kwa aliyekuwa akifa, upweke ulikuwa upweke tu. Irene alikwenda mahali hapo hasa, pembeni mwa moto, akamshika mgonjwa. Kwa macho ya majirani, mwanamke huyu alikuwa akigusa unajisi kwa mikono yake na kesho yake akaonekana mzima, akicheka na watoto. Hapana shaka kwamba tendo hilo lilihubiri kuliko mafundisho yake yote ya darasani, na ndilo linaloelekea kuwa chanzo cha jina alilopewa.

Jina lenyewe linastahili kutazamwa na wanaisimu. Katika Kigikuyu, tha ni huruma, ile inayomshika mtu tumboni kwa ajili ya mwenzake. Nyaatha, basi, ni mwanamke wa huruma, au mama mwenye huruma. Halikuwa jina la ubatizo wala cheo cha misheni. Wamisionari wengi wa wakati huo walipewa majina na wenyeji, na mengi yalikuwa ya dhihaka au ya maumbile: mwenye pua ndefu, mwenye mbio, mwenye hasira. Jamii humpa mgeni jina kutokana na kile ilichokiona, wala haimwulizi. Katika fasihi simulizi jina la namna hii ni wasifu mfupi kuliko wote, na wasifu huo ulikwisha kuandikwa na watu wa Gikondi kabla ya Kanisa kuanza kukusanya ushahidi wowote.

Sehemu moja ya kazi yake Gikondi haisimuliwi sana, nayo ni barua. Miaka ya 1920 ilikuwa miaka ya kipande, kodi ya kichwa na kazi za kibarua katika mashamba ya walowezi. Vijana waliotoka katika shule yake walitawanyika hadi Nairobi, Mombasa na kwingineko. Mama zao hawakujua kusoma wala kuandika. Irene akawa mwandishi wao. Mama alikuja akasema habari za nyumbani, mbuzi aliyezaa, ndugu aliyeugua, deni lililobaki, na Irene akaandika. Jibu lilipofika akasoma. Kwa vijana wenyewe aliandika pia kwa jina lake, akiwaonya na kuwatia moyo, akiwakumbusha sala na mama zao kwa pamoja. Mtu anayependa fasihi hawezi kulipita jambo hili bila kusimama. Kijiji kizima kilipita katika kalamu ya mwanamke mmoja. Kushiriki imani na wengine, kwa maana hii, kulihusu pia kuwa karani wa machozi ya watu na kuyatunza yaliyokuwa siri.

Miaka hiyo haikuwa shwari. Mwaka 1922 Harry Thuku alikamatwa na watu waliokusanyika kumtetea Nairobi wakapigwa risasi. Mwaka 1929 mgogoro wa tohara ya wanawake ulipasua makanisa ya Kiprotestanti katika nchi ya Wagikuyu; shule za misheni zilihamwa, na zikazaliwa shule huru. Wakatoliki hawakutoa amri kali kama wenzao, na kwa hiyo vituo vyao havikutikiswa kwa kiasi hicho. Irene hana nafasi katika historia ya siasa za miaka hiyo. Aliendelea na vilima vyake.

Septemba 1930 alikwenda Nyeri kwa mafungo ya kiroho pamoja na masista wenzake. Wenzake walisimulia kwamba huko alipata wazo la kuyatoa maisha yake kuwa sadaka kwa ajili ya misheni, na kwamba hakulitekeleza kwa hiari yake peke yake, bali alimwendea mkuu wake kuomba ruhusa. Wapo watakaoona jambo hili ni la ajabu, kwamba mtu aombe ruhusa ya kufa. Kwa mantiki ya nadhiri yake lilikuwa jambo la kawaida kabisa: kama maisha hayakuwa yake tena tangu 1914, hakuweza kuyatoa bila ya idhini. Akarudi Gikondi.

Mwezi uliofuata tauni ilikuwa imeingia. Miongoni mwa walioshikwa alikuwamo mwalimu mmoja wa hapo, ambaye, kwa masimulizi yaliyobaki, hakuwa amemtendea Irene mema siku zote. Ugonjwa huo ulijulikana, na hatari yake ilijulikana pia. Watu waliokaribiana na mgonjwa walikuwa wakifuatana naye kaburini. Irene alimwendea, akamhudumia, akakaa naye hadi mwisho. Siku chache baadaye homa ikampanda yeye mwenyewe. Alifariki Gikondi tarehe 31 Oktoba 1930, akiwa na umri wa miaka thelathini na tisa.

Yaliyofuata kifo chake ni marefu, na hapa yatapitiwa kwa haraka. Watu wa Gikondi hawakumsahau, na jina la Nyaatha likaendelea kutajwa katika nyumba ambazo watoto wake hawakumjua. Katika miaka ya 1980 Kanisa lilianza kukusanya rasmi ushahidi wa waliomfahamu, wakiwa wazee sasa. Januari 1989, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Msumbiji, mji mdogo wa Nipepe katika mkoa wa Niassa ulishambuliwa. Makatekista waliokuwa wamekusanyika kwa mafunzo, pamoja na familia na wenyeji waliokimbia, walijifungia kanisani, zaidi ya watu mia mbili, wakiwemo watoto wachanga. Maji pekee yaliyokuwamo ni yale ya kisima cha ubatizo, kilichochongwa katika kigogo cha mti. Waliomba kwa jina la Sista Irene. Kwa siku kadhaa za kuzingirwa walikunywa, na hata mtoto aliyezaliwa humo aliogeshwa kwa maji hayo, na hayakuwaishia. Kanisa Katoliki lilichunguza tukio hilo kwa miaka mingi kabla ya kulikubali kuwa muujiza, na idhini ya Papa Fransisko ikatolewa mwaka 2014. Asiyeamini atalisoma tukio hilo apendavyo. Lakini katika kisa cha Nipepe kinachorejea ni maji, na watu waliokwama katika vita ambavyo hawakuvianzisha, kama ilivyokuwa Kilwa.

Tarehe 23 Mei 2015, katika viwanja vya Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi mjini Nyeri, Irene Stefani alitangazwa mwenyeheri mbele ya umati mkubwa wa watu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa ibada ya namna hiyo kufanyika katika ardhi ya Kenya. Mahujaji walitoka Kerugoya, Murang'a, Embu na Meru, wengine Italia na Msumbiji. Masalia yake sasa yamo katika kanisa kuu la Consolata mjini Nyeri, na kumbukumbu yake huadhimishwa kila tarehe 31 Oktoba. Aliyeongoza ibada ya siku ile kwa niaba ya Papa alikuwa Kadinali Polycarp Pengo, Askofu Mkuu wa Dar es Salaam, mji ambao Irene alihudumu katika hospitali ya wapagazi, na ambao soko lake kubwa bado linaitwa kwa jina la kikosi chao.